Punje Moja Nyeupe

Siku tatu nzima sikutia chumvi katika chakula cha nyumba yetu. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilikuwa na hasira ya namna gani. Mimi ni mpishi wa wamonaki, mwaka wa ishirini na tisa sasa, na mpishi akikasirika hana haja ya kupiga kelele. Anauacha mkebe wa chumvi umefunikwa, anapakua, kisha anakaa kando kuwatazama watu wakitafuna.

Sababu ninayo. Jumanne ya juma lile tulimpigia kura Muuguzi.

Muuguzi tulimwita hivyo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake kabla hajaja kwetu, na ndiyo iliyokuwa kazi yake baada ya kuja. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Miaka sita aliishi nasi, akaamka nasi saa kumi na nusu kwa sala ya kwanza, akafua, akalima, akaimba kwa sauti yake nzito isiyofuata noti. Lakini zaidi ya yote aliwatunza wazee wetu watatu walio kitandani ghorofani. Mkubwa wao ni Mzee wa Kengele, aliyepiga kengele ya kanisa miaka hamsini mpaka masikio yakamwisha, na sasa, tofauti na wenzake wawili, hata kugeuka hawezi. Asipogeuzwa kila saa mbili, ngozi ya mgongo inachubuka na kuoza. Muuguzi alimgeuza miaka sita, na mgongo wa mzee yule haukuwa na hata doa.

Sasa muda wake ulikuwa umetimia wa kuomba nadhiri za daima, yaani kukaa nasi mpaka azikwe nyuma ya kanisa pamoja na wengine. Kwa ombi kama hilo, sisi kumi na wawili tulio na nadhiri hizo na nguvu za kushuka ngazi hukaa katika chumba cha baraza na kupiga kura. Hatuandiki karatasi. Kila mmoja hupewa punje mbili za maharagwe, moja nyeupe, moja nyeusi. Nyeupe ni abaki, nyeusi ni aende zake. Anazificha viganjani, anaiendea meza yenye visanduku viwili vya mbao. Cha kulia ndicho cha kura. Cha kushoto ni cha kutupia ile punje usiyoitaka.

Visanduku vyenyewe ni pacha, vilichongwa na fundi mmoja ambaye naye yuko nyuma ya kanisa. Tofauti ni msalaba mdogo uliochongwa kwenye kitako cha kile cha kura. Baada ya wote kupita, Abate, ambaye yeye hapigi kura, anaupapasa msalaba kwa kidole, anafungua na kumimina. Kile kingine hakitazamwi. Punje zake zinarudishwa mfukoni bila kuhesabiwa, na mfuko unarudi kabatini.

Tena kuna kiapo. Kabla ya kura kila mmoja anaweka mkono juu ya kitabu cha Kanuni yetu na kuapa kwamba alivyopiga hatasema. Si kwa ndugu, si kwa Abate, si siku ya kufa. Kiapo hicho hakijavunjwa tangu nyumba ijengwe, na tulikuwa tukijivunia.

Jumanne hiyo ndugu wa sakristia, ambaye kwa kawaida ndiye anayepanga kila kitu, kiuno kilikuwa kimemshika. Abate akanipa mimi funguo za kabati. Nilivitoa visanduku, nikavifuta vumbi kwa aproni, nikavipanga mezani, cha msalaba mkono wa kulia, kile kingine mkono wa kushoto. Halafu nikakimbia kuteremsha supu isiungue. Tulipoitwa tukapita kwa zamu, mmoja mmoja, macho chini, kama tulivyofanya maisha yetu yote.

Abate akamimina, akahesabu. Akahesabu tena. Nyeusi kumi na moja. Nyeupe moja.

Nyeupe niliijua. Ilikuwa yangu.

Akamwita Muuguzi kutoka koridoni, akamwambia kwa maneno machache. Muuguzi alisimama pale mbele yetu na kanzu yake yenye kiraka begani. Akasema, "Asante, Baba Abate." Akatazama saa ya ukutani, akapanda ghorofani, kwa sababu ilikuwa saa ya kumgeuza Mzee wa Kengele.

Asubuhi yake akaondoka. Nilimwona kwa dirisha la jikoni, amevaa suruali aliyokuja nayo miaka sita nyuma, na mkoba mmoja. Alipofika getini aliuweka chini, akageuka, akaitazama nyumba, dirisha kwa dirisha. Mimi nikarudi nyuma hatua moja nisionekane. Nilijiambia nikitoka nitashindwa kuuzuia mdomo, na kiapo ni kiapo. Alisubiri kidogo, akauchukua mkoba, akaenda.

Hapo ndipo nilipofunika mkebe wa chumvi.

Kumi na moja! Niliwapitia kichwani mmoja mmoja huku nikimenya viazi. Mtunza bustani, aliyefungwa kidonda cha mguu na Muuguzi miezi minne: nyeusi. Ndugu wa sakristia, aliyekandwa kiuno na mikono ile ile asubuhi ile ile ya kura: nyeusi. Wanafiki wakubwa! Wanapiga magoti mara saba kwa siku, halafu wanamtoa mtu kama takataka. Nilikata vitunguu mpaka ubao ukachanika.

Lakini aliyenichoma zaidi ni Mkutubi. Huyu ni mtu mwembamba, mkavu, anayetunza vitabu vyetu na kuviona vina haki kuliko watu. Yeye na Muuguzi hawakupatana. Alilalamika kwamba kandambili za Muuguzi zinapiga kelele koridoni. Alilalamika kwamba Muuguzi anaimba akiosha mabeseni. Mara moja alimwandikia barua, mtu anayelala mlango wa tatu kutoka kwake, kumwomba afunge milango polepole. Nilikuwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyewatia sumu wengine. Kwa hiyo yeye nilimpakulia peke yake: ukoko wa wali, kipande cha mkate cha pembeni kilichoungua, chai ya mwisho wa birika. Naye alikula akinitazama kwa jicho ambalo, nikikumbuka sasa, lilikuwa na chuki kama ya kwangu.

Nyumba nzima iliharibika. Katika masifu ya jioni hakuna aliyemsubiri mwenzake mwisho wa mstari. Mtunza bustani alifunga milango kwa teke. Ndugu wa sakristia alimpita Mkutubi kwenye ngazi bila kuinamisha kichwa, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumtemea mate. Nami nilifurahi. Nilisema dhamiri zinawasuta, acha ziwasute.

Jumamosi mchana tulikuwa mezani. Kwetu mlo ni wa kimya. Mmoja anasimama kwenye kimimbari na kusoma, wengine wanakula na kuombana vitu kwa ishara za mikono. Siku hiyo zamu ya kusoma ilikuwa ya mtunza bustani, na somo lilikuwa ile sura ya Kanuni inayoagiza wagonjwa watangulizwe mbele ya kila jambo. Anasoma, na sauti inamkwama. Mimi namtazama nikisema moyoni, soma, mwovu wewe, soma vizuri.

Hapo Mkutubi akaonja supu, akaweka kijiko, akanigeukia. Akasugua vidole vitatu juu ya sahani. Ndiyo ishara ya chumvi.

Sikumbuki nilisimamaje. Nakumbuka benchi lilianguka.

"Chumvi?" nikapaza sauti. "Unataka chumvi? Nenda kamwombe yule mliyemfukuza! Nyie watu kumi na mmoja hamna haya? Ile punje nyeupe ilikuwa yangu! Yangu mimi, mpishi, na kiapo kife!"

Msomaji akanyamaza. Abate akainuka. Lakini Mkutubi alikuwa ameshasimama.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema. "Siku tatu unanilisha makoko na kunitazama kama mwuaji, halafu unakuja kuniibia kura yangu? Nyeupe ilikuwa yangu!"

"Yako? Wewe wa kandambili?"

"Kandambili zilinikera, ndiyo! Mtu anaweza kukukera na ukataka akuzike! Nilimwandikia barua ya milango kwa sababu nilijua atakaa!"

"Nyamazeni wote wawili," mtunza bustani akasema kutoka kimimbarini, na machozi yanamtoka waziwazi. "Ilikuwa yangu."

"Jamani," akasema ndugu wa sakristia, amejishika kiuno. "Jamani, hapana. Yangu."

Kisha wakasimama wengine. Mmoja baada ya mwingine, mabenchi yanakwaruza sakafu, kila mtu anasema neno lile lile, yangu, yangu, wengine kwa ukali, wengine kwa aibu. Nilihesabu. Tulikuwa kumi na wawili tumesimama, na nyeupe ni moja.

Abate hakutukemea. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Leteni visanduku," akasema. "Na mfuko. Mpishi, njoo unionyeshe ulivyovipanga."

Tulikwenda barazani sote, leso za mezani bado ziko shingoni. Nilivichukua visanduku nikaviweka kama nilivyoviweka Jumanne. Cha msalaba kulia, kingine kushoto.

"Siku ile ulisimama wapi?" Abate akauliza.

"Hapa hapa."

Nilikuwa nimesimama upande wa kiti chake, nyuma ya meza, maana ndio ulio karibu na kabati. Ndugu zangu walikuwa upande wa pili, wananikabili. Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwao. Na mimi mwenyewe, saa ya kura ilipofika, nilizunguka kama wote, nikaja kwa mbele, nikautia mkono wa kulia katika kisanduku cha kulia kama nilivyofanya miaka ishirini na tisa. Hakuna aliyekagua. Nani anakagua? Mikono yetu inajua njia kuliko sisi wenyewe.

Abate alikuwa amehesabu punje tulizozitupa. Zile nyeupe kumi na moja zilimiminwa mfukoni bila kutazamwa, na tukamwambia mtu aende zake.

Hakuna aliyenilaumu kwa sauti. Ingekuwa afadhali. Na tena, tukifanya hesabu vizuri, kura nyeusi ilikuwepo moja, ya kweli. Katika wale kumi na wawili waliosimama na kusema yangu, mmoja alidanganya mbele ya wenzake wote. Hadi leo simjui. Zamani ningemtafuta nyumba nzima mpaka nimpate. Sasa sina uso wa kumtafutia.

Simu ya Muuguzi haikupokewa. Ofisini palikuwa na anwani ya dada yake, fundi wa kushona, mji wa pili kutoka kwetu. Abate akasema niende mimi, na kwa kuwa siwezi kuendesha gari, akampa funguo Mkutubi.

Njia ni ya mwendo wa saa mbili.

"Tumbo langu umeliharibu," Mkutubi akasema hatimaye.

"Shukuru sikutia sabuni."

"Nilidhani wewe ndiye uliyewashawishi. Muuguzi alisema uji wako una mabonge. Nikasema, mpishi huyu hasahau."

"Una mabonge kweli," nikasema, na hapo nusura tucheke, lakini hakuna aliyeweza.

Duka la dada mtu lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani tatu na sare za shule zimetundikwa mpaka darini. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mpana, ana futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Alipoziona kanzu zetu akazitema pini kiganjani.

"Ndio nyie?" akasema. "Shikamoo zenu sina. Mdogo wangu alikuja hapa Jumatano, akakaa pale, hajala mpaka Alhamisi usiku. Nimemuuliza umeiba? Hapana. Umepigana? Hapana. Basi umefanya nini? Ananiambia, dada, hawakunitaka tu. Watu wazima nyie, wenye mvi, mnamfanyia mtoto wa watu hivyo?"

"Mama, kulikuwa na kosa," Mkutubi akasema.

"Kosa linafanywa kwenye shati. Unafumua, unashona upya. Hili mtalifumua vipi?"

Muuguzi alikuwa nyuma, kwenye cherehani ya mwisho, anafumua pindo la suruali kwa wembe. Akatuwekea viti. Nikapiga magoti badala ya kukaa, kwa maana kwetu aliyekosa hupiga magoti, nikamweleza yote, visanduku, upande wa kabati, mkono wa kulia, chumvi, benchi, kumi na wawili tuliosimama. Alisikiliza bila kuuacha wembe. Nilipomaliza nikasema, "Kwa hiyo unaona. Tulikutaka. Kura yako ni nyeupe kumi na moja. Baba Abate anasema twende wote leo hii."

Akaondoa nyuzi mbili kwenye pindo.

"Ulikuwa dirishani," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Jumatano. Niliweka mkoba chini getini kwa sababu nilisema, kuna mmoja. Baba Abate alisema nyeupe ilikuwa moja. Nikasema huyo mmoja atatoka. Hata asiseme kitu, nilijua mna kiapo. Anishike mkono tu. Nikakuona wewe dirishani, nikafurahi, nikasema kumbe ni mpishi. Halafu ukarudi nyuma. Basi nikajua wewe ni mmoja wa wale kumi na mmoja."

"Kiapo..." nikaanza.

"Kiapo kinakataza kusema. Kinakataza kunibebea mkoba?" Sasa wembe aliuweka chini, na sauti ilipanda, sauti ile ile isiyofuata noti, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita nilimwona amekasirika. "Mnasema mlikuwa kumi na mmoja mlionitaka. Kumi na mmoja! Na kila mmoja aliamini ni yeye peke yake aliyebaki upande wangu. Mtu anayejua yuko peke yake upande wa mwenzake hukaa jikoni? Hukaa maktaba? Mngekuwa mmenikataa ningewaelewa. Mlinitaka, mkakaa ndani mkikasirikiana."

Mkutubi alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Siku tatu nilikuwa na kazi moja, kuwachukia watu, na ilinishughulisha vizuri kiasi kwamba sikukumbuka kuna mtu anatembea barabarani na mkoba.

"Basi rudi utuadhibu," nikasema. "Rudi utukemee kila siku."

"Sirudi, Bruda." Hasira ilikwisha ghafla, akabaki amechoka. "Jumatatu naanza kazi kwenye zahanati hapo juu. Nimewasamehe, nasema kweli. Ila kulala tena ndani ya nyumba ile, nisikie kengele, nishuke nisimame katikati yenu, siwezi." Kisha akaniuliza, "Mzee wa Kengele leo mchana kalazwa ubavu gani?"

Nikamtazama Mkutubi. Mkutubi akanitazama.

"Nani anamgeuza?" Muuguzi akasema. Akasimama. "Tangu Jumatano nani anamgeuza?"

Dada yake ndiye aliyesema, polepole, "Mungu wangu."

Mtu fulani alimgeuza, ndivyo nilivyodhani. Kila mmoja wetu alidhani hivyo. Abate alikuwa ametoa agizo kwamba ndugu wasaidiane, na tulivyokuwa hatusemezani, kila mmoja alimwachia mwenzake. Chakula nilipandisha mimi, nikakiweka kitini anapokifikia kwa mkono, nikashuka kwenda kukasirika.

Muuguzi alivuta karatasi ya kukatia mitindo, ile pana ya kaki, akaandika kwa chaki ya fundi, haraka, mistari mingi. Saa, ubavu, dawa, mafuta, mto uwekwe wapi. Akaikunja akanipa. Hakutusindikiza mpaka nje.

Tulifika jioni ndugu wakiwa kanisani. Sikwenda kanisani. Nilipanda ghorofani nikaifungua shuka ya Mzee wa Kengele, na juu ya nyonga palikuwa na kidonda cha upana wa kifuniko cha chupa. Miaka sita hata doa, siku nne kidonda. Nilisimama pale nikajitukana matusi ambayo sikuyatumia tangu niingie utawa.

Nikaibandika karatasi ukutani, nikamshika mzee begani na nyongani kama ilivyoandikwa. Akaruka kama aliyemwagiwa maji.

"Mikono barafu!" akapiga kelele, kama wapigavyo kelele viziwi. "Wewe nani? Mwite yule mwingine. Yule hupasha kwanza."

Nikaitazama karatasi vizuri. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya saa na dawa, nilikuwa nimeuruka nikidhani ni salamu: *Pasha mikono kwanza.*

"Yuko wapi yule?" mzee akauliza.

Nikamsogelea sikioni. "Tulimfukuza," nikasema kwa nguvu. "Mimi na wenzangu."

Sijui kama alisikia. Nilishuka jikoni, nikawasha jiko, nikainyoosha mikono juu ya moto mpaka ikaniunguza, kisha nikapanda ngazi mbio isije ikapoa.